Boti Iliyokatwa kwa Chaki ya Nguo

Kanini hakai. Nimemjua tangu tukiwa wasichana wa kwaya, na sijawahi kumwona amekalia kiti mpaka kikapata joto. Hata kwenye cherehani yake anakalia ukingo tu wa stuli, mguu mmoja uko kwenye pedali na mwingine uko tayari kwenda. Anashona yunifomu za shule na kanzu za kwaya, na sokoni wote tunamwita Mama Kavata, kwa jina la binti yake.

Mimi ni Kalunde. Nauza chai na mandazi mlango wa pili kutoka kwake. Katikati yetu kuna ukuta wa mabati, kwa hiyo mambo yake nayasikia hata nikiwa sitaki, na mara nyingi nataka.

Soko letu liko upande wa Makueni. Ukishuka mteremko ule wa mawe unafika mto Athi, na ng'ambo ni Kitui, huko Kanini alikozaliwa. Kiangazi unavuka ukiwa umeshika viatu mkononi na hata magoti hayalowi vizuri. Lakini mvua ya Novemba ikija, woi! Maji yanakuwa mekundu, miti mizima inapita na mizizi yake juu, na mamba hujui yuko wapi. Daraja liko mbali, na barabara ya kufika huko hukatika kabla ya mto kujaa. Basi watu wa huku wanakaa huku na wa ng'ambo wanakaa ng'ambo, mpaka maji yachoke.

Miaka michache iliyopita mama yake Kanini alifariki mto ukiwa umejaa. Watu wa ng'ambo wakangoja maji yapungue, maji yakazidi, mwisho wakazika. Kanini alisimama kwenye ukingo wetu na mimi nilisimama naye nikiwa nimemshikia simu, sauti nimeifungua yote. Tuliwasikia wakiimba. Tulimsikia mchungaji akisema mavumbini utarudi, halafu simu ikazima. Kanini akainama, akaokota udongo wa upande wetu, akaurusha majini. Hakulia. Alipanda mteremko mbio akaenda kushona, na mimi nililia peke yangu nikiwa na simu iliyokufa mkononi. Simu inavuka, mtu havuki. Tangu siku ile neno hilo linaniudhi mpaka leo.

Akabaki baba yake, Mzee Mulei, peke yake kwenye boma, na presha, na miguu inayovimba. Kila Oktoba ubishi ni ule ule.

"Baba, njoo ukae kwangu mpaka mvua iishe."

"Siwezi kuja huko."

"Kwa nini?"

"Nimesema siwezi."

Na simu inakatwa. Kanini anabaki ameikodolea macho, halafu ananigombeza mimi, kana kwamba ni mimi niliyemzaa yule mzee. Nilimwelewa. Alikuwa na hofu moja tu, na hakuificha: kwamba baba yake angekufa mvua ikinyesha, na yeye angesimama tena pale ukingoni na udongo mkononi.

Sasa huyo Kavata, binti yake, yuko chuo cha ufundi, anasomea kuchora vitu kwa kompyuta. Mwaka jana Agosti alituma kitu kwenye simu ya mama yake. Ilikuwa boti. Inazunguka yenyewe pale kwenye kioo, unaona tumbo, unaona mgongo, haina hata msumari.

"Mum, hii inajengwa na plaiwudi," akasema. "Hakuna mbao nzito. Unakata vipande, unatoboa matundu pembeni, unavishona pamoja na waya nyembamba, halafu unaweka gundi kwa mshono. Ikishika, unatoa waya."

"Unavishona?" Kanini akauliza.

"Ndio, Mum. Kushona kabisa."

Aiya! Neno hilo moja lilitosha. Mwanamke hajui kuogelea, akivuka maji ya magoti anashika jamaa mkono, lakini aliposikia kushona akaniangalia kama mtu aliyeambiwa ana ndugu mahali asiyemjua. Nikamwambia, "Mama Kavata, ukiyavulia maji nguo ni lazima uyaoge." Akasema, "Basi nitayaoga." Na hapo ndipo amani ya soko letu ilipoishia.

Plaiwudi ngumu ilipatikana. Mowlid, yule mnunuzi wa mbuzi ambaye lori lake huenda Nairobi kila wiki limejaa na kurudi tupu, alituletea gundi ile ya mikebe miwili inayochanganywa, na kitambaa cha nyuzi za kioo. Alisema hataki asante, anataka tu nafasi ya mbuzi wawili kwenye hiyo boti. Fundi wa mbao akawa Nyamai, anayetengeneza vitanda na majeneza. Nyamai ni mtu wa Nunguni, kule milimani, kwao maji ni ukungu wa asubuhi. Nilimuuliza kama amewahi kuona boti. Akaniambia jeneza na boti ni ndugu, tofauti ni kifuniko. Nilimfukuza kwenye hoteli yangu na kikombe chake.

Kazi ilikuwa hii: boti iliyo kwenye simu ni ndogo kama kiganja, na mtu hawezi kuvuka kwa kiganja. Lazima iwe kubwa, ukubwa wake wenyewe, kwenye karatasi, ili Nyamai aweke karatasi juu ya plaiwudi akate. Tulijaribu kuchapisha kwa yule kijana wa printa, ikatoka vipande vipande kama chapati iliyoshikwa na watoto. Kavata akasema achaneni nayo, akatuma namba. Kila pointi na namba zake mbili: nenda mbele kiasi hiki, panda juu kiasi hiki, weka alama.

Mchungaji alitupa sakafu ya kanisa, ndiyo peke yake sokoni iliyo ndefu na imenyooka. Tukatoa viti. Tukatandika karatasi ya kaki, ile ya kukatia nguo, tukaiunganisha na gundi ya shule. Mimi nasoma namba, Kanini yuko magotini na futi ya kupimia na chaki yake ya nguo. Kwenye kila pointi tunasimamisha msumari kwenye kipande cha ubao. Halafu tunachukua paipu ya plastiki, ile nyembamba ya kupitishia waya za stima, tunaipinda ikiegemea misumari yote. Paipu haijui kudanganya. Ikikataa kulala vizuri, unajua nimesoma namba vibaya, na Kanini ananiangalia. Nilisoma vibaya mara kadhaa, basi. Mandazi yangu yalikuwa yanaungua na mimi niko kanisani nasoma desimali.

Kavata alikuwa kwenye simu muda wote. "Mum, sikia. Mstari ndio mwisho. Hizo namba ziko kamili. Usiongeze, usipunguze."

"Sawa," Kanini akasema.

"Mum, umesikia?"

"Nimesema sawa, kwani mimi ni kiziwi?"

Akachora akiifuata paipu, akachukua mkasi wake mkubwa, akakata. Alikata vizuri, mkono unaenda bila kufikiri, mdomoni anaimba wimbo wa kwaya. Nyamai akachukua zile karatasi, akazilaza juu ya plaiwudi, akafuata ukingo wa karatasi kwa penseli, akakata kwa msumeno wa stima. Kisha karatasi zikatundikwa kwenye msumari kule kwa Kanini, pamoja na za suruali na za makoti. Mvua ilikuwa bado, lakini upepo ulishageuka, na kila mtu alikuwa anaangalia upande wa Kitui mawingu yakijengeka.

Siku ya kushona tulikuwa nje ya kanisa, kwaya nzima na plaizi za kusokotea waya. Tulianzia nyuma. Tundu na tundu, waya, sokota. Tundu na tundu, waya, sokota. Boti ikaanza kuinuka kutoka chini yenyewe, mbavu zikasimama, na wanawake wakapiga vigelegele. Hata Nyamai alitabasamu. Mimi nilitaka kumpigia Mzee Mulei simu saa ile ile nimwambie atuone.

Halafu tukafika katikati, na matundu yakaanza kupishana. Kidogo tu. Tukavuta. Mbele zaidi yakapishana zaidi. Kufika puani, Ngai! Ubao wa chini ulikuwa umetangulia, umejikunja mawimbi, mbavu zimebaki nyuma, na mdomo wa boti umeachama wazi. Ng'ombe angeweza kuingiza kichwa.

Vigelegele vikaisha. Nyamai akatupa plaizi. "Niliwaambia. Kompyuta haijawahi kuona maji."

Kavata akaonyeshwa kwa simu. "Mum, design iko sawa. Huyo fundi alikata vibaya."

"Mimi?" Nyamai akaunguruma. "Mimi nakata majeneza ya watu wa maana, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika!"

Na Kanini, badala ya kunyamaza, akamgeukia. Akamwambia kila mtu anajua vitanda vyake hulia, kwamba bibi harusi mmoja alirudi kwao kwa sababu ya aibu ya kitanda cha Nyamai. Kwaya ikashika mdomo. Nyamai akaokota msumeno wake, akaukunja waya wake polepole, akaondoka. Matone ya kwanza yakaanza kuanguka pale pale, makubwa, yanatoa harufu ya vumbi. Tukaibeba ile boti yenye mdomo wazi tukaiingiza kanisani.

Jumapili tukaabudu tukiwa tumeizunguka. Mchungaji alihubiri juu ya Nuhu, na mimi nilikasirika, kwa sababu ile safina ya Nuhu ilifungika. Jumatatu mto ulikuwa umeshapanda kwenye mawe ya kufulia. Kanini akampigia baba yake, akaambiwa, "Niko sawa." Akauliza miguu. "Iko sawa." Kila kitu kwa yule mzee kiko sawa, hata nyumba ikiungua itakuwa inaungua sawa.

Siku hiyo nilimpelekea Kanini chai. Alikuwa amesimama kwenye meza anakata kola ya shati, na hasira ilikuwa inatoka kwake kama mvuke. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nilitaka kumwambia, lakini nikaogopa mkasi. Akalaza karatasi ya kola juu ya kitambaa, akachora kwa chaki. Halafu akaweka mkasi kidole kimoja nje ya mstari, kama kawaida, akakata.

Mkasi ukasimama katikati.

Akaangalia kidole chake. Akaangalia mstari wa chaki. Chai nimeishika, sielewi chochote. Akaenda kwenye msumari, akavuta zile karatasi za boti chini ya makoti na suruali, akaitandaza moja. Nikauona na mimi. Mstari wa paipu ulikuwa pale, mzuri, mweupe, na karatasi ilikuwa inaendelea nje yake, kidole kimoja, pande zote. Tuliiangalia karatasi ile siku ngapi! Kavata aliiona kwa picha. Nyamai aliifuata kwa penseli. Hakuna aliyeona.

"Kalunde," akasema, "ni mimi. Nimeiwekea nafasi ya mshono."

Kama wewe si fundi wa nguo nitakueleza, maana hata mimi ilibidi nielezwe. Nguo ukiikata kwenye mstari itakubana, kwa sababu mshono unakula kitambaa. Kwa hiyo unaongeza kidole nje, halafu unakunja ndani. Plaiwudi haikunjwi ndani. Na ubao wa chini ukingo wake umebinuka kwa nje, ukiongeza kidole unarefuka. Wa ubavu umebonyea, ukiongeza kidole unafupika. Basi mmoja unakimbia, mwingine unabaki, na puani hawakutani. Maisha yake yote mkono wa Kanini umeongeza kidole. Aliambiwa usiongeze, akasema sawa, na mkono ukaongeza.

Akakaa. Nakuapia, alikaa kwenye kiti chake, kizima, mgongo ukagusa nyuma. Niliogopa kuliko siku ya mazishi.

"Mto umeshapanda," akasema. "Na mbao zimeharibika."

Nikamwambia, "Wewe mwanamke, shati la mtoto wangu ulilolifanya kubwa mwaka jana, ulinijibu nini? Si ulisema kubwa hupunguzwa, ndogo ndiyo hasara?"

Akaruka kutoka kwenye kile kiti, akazificha zile karatasi chini ya kanga zisilowe, akaenda kwa Nyamai kwenye mvua.

Nyamai hakumkaribisha ndani. Alisema atasamehe, lakini maneno yale yalisemwa mbele ya kwaya, na yarudishwe mbele ya kwaya. Mtu wa Nunguni ana kichwa kigumu, lakini hapo alikuwa na haki. Basi jioni ya mazoezi Kanini akasimama kando ya boti, akasema, "Fundi alikata vizuri. Mimi ndiye niliyeongeza. Na ile hadithi ya kitanda niliitunga." Watu wakacheka mpaka mchungaji akaja kuangalia. Nyamai akasubiri wamalize, akauliza kama kuna mtu wa kwaya anayehitaji kitanda. Halafu akavua koti.

Tukafumua. Waya zote tulizosokota tukazikata moja moja. Nyamai akapunguza kidole kimoja pande zote, na matundu yetu ya zamani yakaanguka pamoja na ule ukanda, tukatoboa upya. Mvua inapiga mabati hatusikizani, Kanini anazunguka kila mtu, anagusa kila ukingo, "Hapo umefuata mstari? Umefuata mstari?" mpaka Nyamai akamwambia aende akaongezee mtu mwingine kidole. Tuliposokota waya wa mwisho puani, pande mbili zilikutana kama viganja vya mtu anayeomba. Hakuna aliyepiga kelele. Kanini alipitisha kidole kwenye ule mshono, akarudi akapitisha tena.

Gundi ilichelewa kushika kwa sababu ya unyevu, na hizo siku za kungoja zilikuwa mbaya. Kanini hakushona, hakula. Kila nikichungulia dirishani nilimwona anashuka mteremko kuangalia mto au anapanda kutoka kuuangalia. Mvua ilipotulia na mto ukashuka kidogo, ukawa mwekundu bado lakini hauleti miti, watu wa ng'ambo wakarusha kamba nyembamba kwa manati yenye jiwe, tukaifungia kamba nene, wakaivuta, tukaikaza kutoka mkuyu wetu hadi mkuyu wao. Boti ingeenda ikiwa imeshikwa kwenye kamba hiyo. Kanini alikuwa ameshona jaketi za kujiokolea, jerikeni ndogo za mafuta ndani ya kitambaa cha yunifomu, rangi ya shule.

Walipanda Nyamai na Kanini. Mimi pia nilipanda, usiniulize kwa nini. Nilikuwa nalia na kumlaani Kavata na kompyuta yake, na maji yanapita kando ya mkono wangu, karibu hivyo. Lakini ndani kulikuwa kukavu. Nilishika ule mshono chini ya miguu yangu njia nzima, na ulikuwa mkavu.

Mzee Mulei alikuwa amesimama ng'ambo, na fimbo, na koti lake la kanisani. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ameacha viatu wazi bila kamba. Iko sawa, eti. Kanini aliruka kabla boti haijagusa, akamshika, na mzee akamwacha amshike kwa muda, kisha akamsukuma kando aione boti vizuri.

"Hii ndiyo mmeshona?"

"Ndiyo, Baba. Sasa mvua ikija nitakuwa nakuja. Sitakuomba tena uhame."

Mzee akanipa mimi fimbo, akaingia, akakaa katikati. "Nipelekeni."

Tukampeleka. Kanini hakuthubutu hata kuuliza. Tulipofika upande wetu, mzee alinyoosha mguu, akakanyaga udongo wa Makueni mara moja, akaurudisha mguu ndani.

"Haya. Nirudisheni."

"Baba!" Kanini akapiga kelele, na machozi yalikuwa yameshaanza. "Umefika! Kwangu ni hapo juu, si ushuke tu?"

"Nirudisheni kwanza."

Nyamai alinitazama, mimi nikamtazama, tukavuta kamba. Mikono iliniuma, na nilikuwa nataka kumtupia mamba yule mzee. Tulipogusa Kitui akashuka mwenyewe, polepole, akaenda nyuma ya mkuyu. Akarudi ameshika begi. Lilikuwa limefungwa tangu asubuhi, na dawa zake zilikuwa juu.

"Sikukataa kuja kwako, Kanini," akasema. "Mama yako amelala pale juu, kaburini. Ningekuja huko, mto ujae, nife huko, mnizike kando ya nani? Nilikataa kwenda mahali nisipoweza kurudi." Akalitia begi ndani ya boti, akakaa pale pale alipokuwa amekaa. "Sasa nimeona inarudi. Twende."